Nina UVIKO-19 na mimba ya wiki 37: nitazaa salama? Na ziwa nimpe mtoto?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 26, naishi Tanga, mimba yangu ya kwanza imefika wiki ya 37. Leo ni siku ya nne nina homa, mafua na kikohozi kikavu. Jana kituo cha afya wamenipima wakaniambia nina UVIKO-19, wakanipa panadol nikarudi nyumbani. Mume wangu naye ameanza kukohoa. Mama mkwe anasema nikienda hospitali hivi nitapasuliwa na mtoto watanitenga naye wiki mbili, bora nijifukize na nizalie nyumbani kwa mkunga anayemjua. Je, mtoto ameshaambukizwa tumboni? Naweza kuzaa kwa njia ya kawaida? Na ziwa nimpe au nisimpe?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana wewe na mwenzio. Nakujibu yale matatu kwanza ili moyo utulie. Mtoto wako, kwa uwezekano mkubwa, hajaambukizwa. Kuzaa kwa njia ya kawaida unaweza. Na ziwa mpe, tena ndani ya saa ya kwanza. Nitaeleza moja baada ya jingine. Ila kuna swali la nne ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huuhuu: wewe mwenyewe unapumuaje?

Katika wiki ya 37 mfuko wa uzazi umeshapanda hadi chini ya mbavu. Kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimesukumwa juu kwa kama sentimita 4, na hewa ya akiba inayobaki mapafuni ukishatoa pumzi imepungua kwa kama moja ya tano. Wakati huohuo mwili wako unatumia oksijeni nyingi kuliko kabla ya mimba, kwa kadiri hiyohiyo ya moja ya tano. Akiba imepungua na matumizi yamepanda. Ndiyo maana virusi ambavyo mumeo huenda akavimaliza kwa chai ya tangawizi na siku tano za kitanda, kwako vinaweza kugeuka nimonia.

Jambo hili lina historia ndefu. Mafua makali ya 1918 yaliwaua wajawazito kwa wingi, ya 1957 vilevile. Mafua ya H1N1 yalipozuka 2009, Marekani wajawazito walikuwa kama 1% ya watu wote, lakini miongoni mwa waliokufa walikuwa kama 5%. UVIKO-19 umefuata njia hiyohiyo. Utafiti mmoja uliofanyika mwaka 2020 katika nchi 18 ukahusisha wanawake zaidi ya 2,000, kabla chanjo hazijaenea, ulionyesha kwamba wajawazito waliougua walipata zaidi kifafa cha mimba, walizaa zaidi kabla ya wakati, na walihitaji zaidi chumba cha wagonjwa mahututi kuliko wenzao wasiougua. Sikutajii haya ili nikutishe. Wajawazito wengi wenye UVIKO-19 hupona bila kulazwa. Nakutajia ili ujue ni nani hasa wa kuangaliwa kwa makini katika siku hizi, na mtu huyo ni wewe kuliko mtoto.

Uko siku ya nne. Ugonjwa huu una tabia ya kumlaghai mgonjwa: homa inashuka, anaona nafuu, anaanza kufagia uwanja, halafu kati ya siku ya saba na ya kumi kifua kinabana. Kwa hiyo wiki hii inayokuja ndiyo ya kuwa macho, hata ukijisikia mzima.

Mfundishe mumeo kukuhesabia pumzi. Kaa kitako, umetulia, usilale chali. Yeye ashike simu yenye saa, aangalie kifua chako kinavyopanda, ahesabu dakika nzima bila kukuambia anahesabu, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Ikifika 24 au zaidi ukiwa umepumzika, nendeni hospitali siku hiyo. Ikifika 30, hiyo ni dharura. Kipimo kingine hakihitaji hata saa: taja siku za wiki, Jumamosi mpaka Ijumaa, kwa pumzi moja. Ukilazimika kuvuta hewa ukiwa Jumatatu au Jumanne, na jana uliweza kufika mwisho, kuna kitu kimebadilika.

Kituoni wana kile kibanio kidogo cha kidole kinachoonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kwa mjamzito tunataka kisome 95 au zaidi. Chini ya hapo usirudishwe nyumbani, upelekwe penye oksijeni. Hapa nataka usikilize vizuri, maana uko Tanga na najua kinamama wengi wa pwani hujipamba wakikaribia kujifungua. Piko na rangi nzito ya kucha vinaweza kukipotosha kipimo hiki. Kama kucha zimepakwa, futa rangi ya kidole kimoja, au mwombe nesi akibanie kidole kisicho na piko, hata cha mguu. Jua pia kwamba vibanio hivi mara nyingine humpa mtu mwenye ngozi nyeusi namba ya juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo kikisoma 95 na wewe unahisi hewa haitoshi, usikubali kuambiwa "namba ni nzuri, nenda nyumbani". Waambie wakuangalie wewe.

Sababu nyingine za kutosubiri kupambazuke ni maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, kukohoa damu, mtoto kupunguza kucheza, kutokwa damu, chupa kuvunjika, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu. Usafiri ukiwa shida, pigeni 115, namba ya bure ya m-mama, inayopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Kuna kosa moja linalofanyika sana tangu korona ianze, la kumpima mgonjwa UVIKO, kukuta anao, na kuacha kutafuta kingine. Kipimo chako hakijakanusha malaria. Homa kwa mjamzito wa Tanga ipimwe malaria hata kama sababu nyingine imeshaonekana, maana zote mbili zinaweza kukaa kwenye mwili mmoja. Upimwe na presha na mkojo, kwa sababu kifafa cha mimba nacho huweza kujaza mapafu maji na mama akahema kama mwenye nimonia. Wingi wa damu nao ucheki kwenye kadi yako ya kliniki, kwani mwenye upungufu wa damu hana cha kubebea oksijeni hata ikiwepo. Na kama kikohozi kilianza zaidi ya wiki mbili zilizopita, kabla ya homa hii, sema, upimwe kifua kikuu.

Dawa. Panadol waliyokupa ni sahihi: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8 ukiwa na homa au maumivu, visizidi 8 kwa siku. Kushusha homa kunamsaidia na mtoto, kwani mama akipata joto moyo wa mtoto nao huenda mbio. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, hata muuza duka la dawa akuapie kwamba ndizo zinazokata homa haraka. Katika miezi hii ya mwisho zinaweza kubana mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wa mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Zile dawa za mafua za mchanganyiko ziache pia, nyingine hupandisha presha. Antibayotiki haiui virusi. Utaihitaji endapo daktari ataona nimonia ya bakteria. Kwa wasomaji wengine wajawazito ambao kipimo kitaonyesha mafua ya influenza badala ya UVIKO, kuna dawa iitwayo oseltamivir, inatumika katika ujauzito, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza. Hiyo haitibu UVIKO-19, usiinunue.

Sasa nyungu. Najua tulivyojifukiza nchi nzima mwaka 2020 na 2021, majani ya mwarobaini, mlimao na mchaichai kwenye sufuria, blanketi juu. Mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu. Unalainisha makamasi kwa muda tu, na kwa mjamzito wa miezi tisa gharama yake ni kubwa: joto la mwili linapanda, jasho linamkausha, presha inashuka, anaanguka, na pale anapoangukia ndipo lilipo sufuria la maji yanayochemka. Nimewahi kufunga vidonda vya mama aliyeungua mapaja hivyo. Na kama jiko la mkaa liko ndani ya chumba kilichofungwa, gesi yake ya sumu isiyo na harufu inaiba oksijeni ya mama na mtoto kwa pamoja. Tafadhali, nyungu hapana. Tangawizi, limau na asali kwenye kikombe, kunywa utakavyo, na maji mengi.

Mama mkwe wako nisingependa abishiwe kwa ukali, kwa sababu hakuzua. Katika moja ya ripoti za mwanzo kutoka Wuhan, Februari 2020, wajawazito 9 walioelezwa wote walijifungua kwa operesheni. China walishauri mtoto atengwe na mama siku 14. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kuwatenganisha kwa muda, Aprili 2020, kisha Julai mwaka huohuo kikabadilisha ushauri. Maneno yale ya miezi ya mwanzo yalisafiri duniani kote, lakini masahihisho hayakusafiri kwa kasi hiyo. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba alichosikia kilikuwa kweli wakati ule, na kwamba kimebadilika kwa sababu tumejifunza.

Tulichojifunza ni kwamba kuvuka kwa kirusi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo la nyuma hutokea kwa nadra. Katika ule utafiti wa nchi 18, watoto kama 13 kati ya kila 100 waliopimwa, wa mama wenye UVIKO, walikutwa nao, si lazima kupitia kondo, wengi bila shida kubwa, na waliozaliwa kwa operesheni hawakukutwa nao kwa uchache. Walikutwa nao zaidi. Kunyonya hakukuongeza hatari. Kwa hiyo UVIKO-19 peke yake si sababu ya kupasuliwa. Wala si sababu ya kukuanzishia uchungu mapema: ukiwa na hali nzuri, tunasubiri mwili wako, na ukishavuka siku zile za kuwa macho, kila siku inayopita inakukuta una nguvu zaidi. Operesheni itakuja kwa sababu zilezile za siku zote, mtoto kuchoka, njia kutofunguka, kondo kukaa vibaya, au mama kushindwa kupumua kiasi kwamba tumbo linabidi lipunguzwe mzigo. Ikibidi, omba kama inawezekana ganzi ya uti wa mgongo, kwa sababu inatuepusha kuingiza mpira kwenye koo la mtu ambaye mapafu yake tayari yanaumwa.

Kuzalia nyumbani, binti yangu, ndilo jambo ambalo nakukataza kuliko yote. Mimba ya kwanza, mapafu yenye ugonjwa, na nyumba isiyo na oksijeni, isiyo na sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, isiyo na mtu wa kumpulizia mtoto hewa akizaliwa hajalia. Mkunga wa jadi hana kosa lolote katika hilo, hana vifaa tu.

Nikusimulie kwa nini nasisitiza. Mwaka 2021, katika wodi niliyokuwa nafanya kazi, alikuja mama aliyeficha kikohozi. Alikotoka kwanza walimfokea kwa kukohoa, wakamkalisha nje juani, kwa hiyo kwetu alikuja na ubani mdomoni na kujibu "sina kitu" kwa kila swali. Tukamlaza chali kama uchungu wa kawaida. Alipoanza kusukuma, midomo ikawa ya kijivu. Kibanio kilisoma 84. Tulimgeuza ubavu wa kushoto, tukamwinua mgongo, oksijeni ikaletwa mbio kutoka wodi ya jirani, mtoto akatolewa kwa vakyumu, kile kifaa cha kumvuta mtoto kichwani. Wote wawili walipona. Lakini dakika zile tulizokuwa tunasukuma mtungi kwenye korido zilikuwa dakika ambazo tungekuwa nazo mkononi tangu asubuhi, kama angeweza kutuamini. Naandika haya na kwa wahudumu wenzangu wanaosoma: anayemfokea mama anayekohoa anamfundisha wa pili afiche.

Uchungu ukianza, pigeni simu hospitali kabla hamjatoka, na mlangoni sema mapema: "Nina UVIKO, leo ni siku ya kadhaa." Vaa barakoa. Watakuweka sehemu yako, na watakaokuhudumia watavaa barakoa na miwani. Usiogope ukiwaona hivyo. Una haki ya kuwa na msindikizaji, ila mumeo anakohoa, na mama mkwe kwa umri wake hatupendi akae saa kumi chumba kimoja na virusi. Mtafute dada au wifi mwenye afya, asiye na dalili, aliyechanjwa kama yupo.

Ukiwa leba, kaa umeinuka au lala ubavu wa kushoto. Kulala chali kunambana mtoto na mshipa mkubwa wa damu, na kunabana mapafu. Wakupime oksijeni na pumzi kila wanapokupima presha, na mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, wakati wa kusukuma kila dakika 5. Najua kinamama hupenda kuomba dripu ya nguvu. Safari hii usiombe. Mapafu yenye nimonia hayapendi maji ya ziada. Kunywa uji mwepesi au chai kama hawajakukataza. Wakati wa kusukuma, barakoa ikikukaba ivute chini, hakuna atakayekugombeza, ndiyo maana wao wamevaa zao. Na ukihisi pumzi inaisha, sema. Kumsaidia mtoto atoke kwa vakyumu kunapunguza muda wa kusukuma, na hakuna aibu ndani yake.

Akitoka, kitovu kisikatwe papo hapo. Dakika 1 hadi 3 za kusubiri zinampa damu na madini ya chuma, na ugonjwa wako haubadilishi hilo. Wewe utapigwa sindano ya oksitosini ya kuzuia damu kama mama mwingine yeyote. Kisha awekwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kanga safi na kavu. Hapo unahitaji vitu viwili tu: mikono iliyooshwa kwa sabuni na barakoa yako. Yeye asivalishwe barakoa kamwe, itamziba pumzi.

Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, usiyakamue ukayamwaga. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2020 kwamba mama mwenye UVIKO anyonyeshe na alale chumba kimoja na mwanawe, kwa kuwa virusi vilivyo hai havijaonekana kupita kwenye maziwa, na kinga zako zinapita. Utavaa barakoa unapomnyonyesha, utaosha mikono kabla ya kumgusa, na ukikohoa ukapigia titi, lioshe kwa maji na sabuni. Kuliosha kila mara si lazima. Ukizidiwa usiweze kumshika, yakamuliwe kwenye kikombe safi na mtu mzima wa afya amnyweshe kwa kijiko au kikombe, siyo chupa. Mtoto akizaliwa mdogo, asikosekane kwenye kifua cha mama kwa njia ya kangaruu. Shirika hilo na wenzake walipiga hesabu mwaka 2021, wakaona kwamba kangaruu ikimfikia kila mtoto anayeihitaji ingeokoa hadi watoto 125,000, wakati vifo vya wachanga kwa UVIKO kutoka kwa mama vingekuwa chini ya 2,000.

Ukirudi nyumbani, arobaini yako ipumzike, lakini usilale kitandani mchana kutwa. Uzazi unafanya damu igande kirahisi, na UVIKO nao unafanya vivyo hivyo. Simama, tembea ukumbini, kunywa maji, na mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikata ghafla, rudi hospitali hata kama ni wiki ya tatu. Mtoto naye, akikataa ziwa, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta hewa, joto likizidi 37.5 au mwili ukiwa wa baridi, mpelekeni saa hiyohiyo. Na wageni wenye mafua wamwone mtoto kwa mlangoni. Hilo mama mkwe ndiye mwenye sauti ya kulisema, mwachie yeye. Ukishapona uliza kliniki kuhusu chanjo ya UVIKO-19. Anayenyonyesha anaruhusiwa kuchanja.

Kwa sasa, usiku huu, fungua dirisha la chumba mnacholala, mumeo alale upande mwingine akiwa na barakoa, na wewe uegemee mito miwili. Kesho asubuhi rudi kituoni na kadi yako, kidole kimoja hakina rangi. Omba vipimo vinne kwa majina yake: oksijeni, presha na mkojo, malaria, wingi wa damu. Waulize kama hospitali watakayokupa rufaa ina oksijeni inayofanya kazi leo, na uandike namba ya simu ya wodi ya wazazi nyuma ya kadi.